Nilivyokwenda Ujiji na Pazi, Nikarudi Peke Yangu

Nikiwa na miaka tisa hivi, baba alinituma Isikizya kwa shangazi nikachukue jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye macho ya mtu anayekudai. Shangazi alimfunga miguu kwa kamba ya katani, akanipachikia kwapani, akasema nenda moja kwa moja. Katikati ya njia nikamhurumia, nikamlegezea kamba. Yeye hakunihurumia. Aliruka, akaingia kwenye mtama, nami nyuma yake, mpaka nikatokea kwenye mji wa watu nisiowajua. Kumbe kuna harusi. Watu wanacheza manyanga, vile vibuyu vyenye mbegu ndani. Nikasimama. Mzee mmoja akanipa kibuyu kimoja nitikise. Jogoo nikamsahau, na mpaka leo sijui aliliwa na nani.

Nilirudi jioni mikono mitupu, nikachapwa. Kesho yake badala ya kwenda shule nikaenda tena kwenye ule mji. Shule ikaishia darasa la tatu. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanalala upande, mlaumuni yule jogoo.

Tangu siku ile sipendi kutumwa wala kuitwa. Marehemu mke wangu Mwanahawa alikuwa akinituma chumvi, narudi na habari za mjini, chumvi sina. Ndiyo maana waliponiambia kuna watu wananiita Ujiji, nilisema siendi. Aliyenifanya niende ni Pazi. Na huyo Pazi ndiye mnayeniuliza kila mkileta viatu pale kibarazani kwangu Kanyenye: "Mzee Mrisho, mwenzio umemwacha wapi?" Nimechoka kumjibu kila mtu kipande. Nimeandika yote, mpeane.

Kwa ambaye hakumjua: Pazi ni Mzaramo. Alikuja Tabora kijana, fundi wa reli, akasema atakaa miaka miwili tu. Akazeekea hapa. Mimi Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, wakifika wamechoka, wengine wanakufa njiani, na Wazaramo wakawa wanawapa maji na kuwazika. Malipo yake yakawa matusi, ya pande zote mbili, mpaka kiama. Siku aliyoniona mara ya kwanza, Pazi aliniambia, "Wewe mtumwa wangu, nishonee kiatu, na usinidai." Nikamwambia, "Mzaramo, umeuza shamba la baba yako ukacheza ngoma, sasa umekuja kuuza na viatu?" Tukawa ndugu.

Mwanahawa alipofariki, Pazi alisimama mlangoni akazuia jeneza. Akasema halitoki mpaka apewe mwiko wa marehemu, ule aliokuwa akimfukuzia jikoni. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku wanalia. Mwiko ukaletwa, akaubusu, akaupisha msafara. Bila yeye siku ile sijui ningefikaje makaburini. Tukaahidiana: atakayetangulia kati yetu, mwenzake atamtania kaburini. Hayo ndiyo mnayopaswa kuyajua kabla hatujapanda treni.

Na igizo letu mnalijua, Mazishi ya Mpagazi. Mimi ndiye maiti, nalala chini ya shuka na manyanga yangu. Pazi ndiye mtani, anapiga ngoma, ananilia na kunitukana, na kila tusi likizidi, maiti inamjibu kwa manyanga. Mtu alilichukua kwenye simu, likatembea, likafika kwa mtandao mmoja wa wasanii wa jukwaani. Watu wa hapa, wa Burundi, wa Kongo, na wengine wa Ulaya. Jumba lao wenyewe hawana. Kazi yao ni kubebana: huyu anampa mwenzake pa kulala, yule anamtumia taa, mwingine anamfundisha alichorithi. Walituomba tukakae Ujiji wiki mbili, tuwafundishe.

Nikasema siendi. Pazi akanyoosha mikono yake mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka, vidole vinaruka kama dagaa kwenye karai.

"Mrisho, mtumwa wangu," akasema, "mikono hii ina mwaka mmoja. Ikinionea huruma, miwili. Mlio huu wa ngoma nitamwachia nani? Vijana wa hapa wanataka spika. Kama kuna Mrundi anayeutaka, auchukue."

Ndipo nikafunga mzigo.

Tabora mpaka Kaliua

Treni ilichelewa, na mimi sina ugomvi na treni inayochelewa, maana ndiyo inayokupa nafasi ya kula. Nilikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, nikala na karanga. Pazi akakataa.

"Hivi ni viazi au ni vidole vya marehemu?"

"Kula, Mzaramo. Nazi huku hatuna."

"Ndiyo maana mlikuwa mnakuja pwani kwa miguu. Mlisema mmebeba pembe, kumbe njaa."

Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene, mpole, na begi la vitenge mapajani. Kila tukitukanana anasogea. Tulipofika Urambo akashindwa kuvumilia. "Wazee wangu, shikamooni. Nawaomba, mmoja aje akae huku, mwingine abaki huko. Mtapigana, na mmeshakuwa watu wazima."

"Marahaba mwanangu," nikamwambia. "Mimi Mnyamwezi, huyu Mzaramo."

Yule mama akapiga kofi. "Aa! Si mngesema! Nimepoteza usingizi wangu bure." Akafungua begi, akatoa chapati tatu, akampa Pazi mbili mimi moja, akisema Mnyamwezi amezoea safari za njaa. Kumbe mama yake Mzaramo! Wakawa wawili juu yangu mpaka Kaliua, sikupumua.

Usinge

Hapa ndipo tulipokwama. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na maji yalikuwa yamesomba tuta la reli huko mbele. Tukaambiwa tushuke, tunyooshe miguu, habari zitakuja. Habari zilikuja baada ya siku moja na nusu.

Usinge, mkitoka stesheni kidogo tu, mnaanza kunusa msitu. Tulitembea tukafika kwa mama mmoja Msukuma anayeitwa Mama Kulwa, anaanua mahindi kwa sababu mawingu yalikuwa yamerudi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akaitikia, nikashika upande mmoja wa turubai bila kuambiwa. Pazi akasimama na ngoma yake.

"Na huyu mgeni wako mbona amesimama kama nguzo ya simu?" Mama Kulwa akauliza.

"Mzaramo huyo."

"Mzaramo! Nani kampa ruhusa ya kusimama kwangu?" Akamtupia ufagio. "Fagia hapo. Hujui sisi Wasukuma na hawa Wanyamwezi ni tumbo moja? Nina haki na wewe."

Nawaambia, Pazi alifagia. Akafagia huku anamwambia kwamba uwanja wenyewe ni mchafu kuliko ukoo wake. Mama Kulwa alicheka mpaka mahindi yakamponyoka. Mchana akatupikia ugali wa mtama na uyoga wa msituni, umeungwa kwa karanga. Pazi akaugeuzageuza.

"Hii si miavuli ya vyura?"

"Ukila utakufa," Mama Kulwa akamwambia, "na mimi ndiye nitakayekuzika, wala sitakuosha."

Akala sahani mbili. Tulilala kwake, chumba cha wanawe waliokwenda kwenye tumbaku, na asubuhi akatupa asali kwenye chupa ya soda. Hakutujua jina. Nilikuwa nawaza, hawa watu wa mtandao wanasema wamebuni njia ya kusaidiana nchi kwa nchi, na ni kitu kizuri, Mungu awabariki. Lakini wapagazi walikuwa nayo. Ulikuwa unafika mahali hujui mtu, unauliza mtani wangu ni nani hapa, na huyo anakutukana, anakulisha, na ukifa anakuzika.

Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Sitakaa sana hapa. Malagarasi maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mianzi, ndege weupe wamekaa juu yake kama nguo zilizoanikwa. Nguruka nilinunua samaki wa kukaanga, wazuri, ingawa mmoja alikuwa na mifupa ya watatu. Uvinza Pazi alitaka kuionja chumvi, kwa sababu nilimsimulia maneno ya babu yangu, wapagazi walivyokuwa wakiisifu. Akaonja, akasema ni chumvi.

 Baada ya Uvinza alikuwa anapiga ngoma yetu kwa vidole juu ya goti, kimya kimya, na mkono wa kushoto ukawa unachelewa. Anaanza upya, unachelewa. Nikaweka kiganja changu juu ya ule mkono, nikauacha hapo. Nilidhani atanitukana. Hakuuondoa mpaka Kigoma.

Ujiji

Alitupokea Mwalimu Bakari, mwenyeji wetu, mwalimu wa ngoma wa pale pale. Akatupeleka kwenye ukumbi wa wasanii, si mbali na soko. Msimamizi alikuwa Dada Klara, mama wa makamo kutoka Ulaya, kwenye baridi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, cha vitabu, kila neno limepigwa pasi. Alituandalia magodoro mawili vyumba viwili, akidhani tutataka faragha. Pazi akaburuta lake chumbani kwangu, akasema anakuja kunilinda nisiibe shuka.

Walikuwepo wengi, lakini nitawatajia wawili. Nestori, Mrundi, mpiga ngoma kijana mwenye mabega kama mlango. Na Furaha, mcheza maigizo wa kutoka Uvira, Kongo. Siku nne za kwanza, ndugu zangu, sijui kama niliwahi kufurahi hivyo tangu mke wangu anitoke. Asubuhi Pazi anamfundisha Nestori. Yule kijana alikuwa anapiga kwa nguvu, kule kwao ngoma ni kubwa na wanaume wanazirukia. Pazi anamwambia, "Usimpige. Hajakukosea. Mbembeleze akuambie nani amekufa." Mikono ikimshinda Pazi, anaimba mlio kwa mdomo, na Nestori anaushika. Furaha anajifunza kutukana kwa Kiswahili chetu, anakosea, tunaanguka kwa kicheko. Mchana ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese. Pazi alipata doa la mawese kwenye kanzu akasema hilo nimempaka mimi kwa husuda.

Kwenye mlango wa ukumbi palikuwa na karatasi ya mkataba wao. Furaha alinisomea, maana miwani yangu sikuwa nayo. Ilisema hakuna kumdhalilisha mwenzako kwa kabila lake, kwa mwili wake wala kwa msiba wake. Atakayefanya hivyo ataondoka, ila kama aliyekosewa atasema mbele ya wote kwamba amesamehe. Nikacheka. Furaha hakucheka.

"Baba," akaniambia, "kikundi nilichoanzia, kiongozi alikuwa anatutukana kila siku, anasema ni mchezo. Kisha akaanza kunipiga, anasema ni mchezo. Hawa ndio walinitoa. Klara alinilipia nauli hata hajaniona. Ile karatasi mimi ni mmoja wa walioiandika."

Nikaacha kucheka. Nisiwalaumu wale watu hata kidogo, na nyinyi msiwalaumu.

Siku ya tano tulicheza igizo lote mbele yao. Mwalimu Bakari hakuwepo, alikwenda bandarini Kigoma kupokea ngoma kubwa za Warundi zilizoletwa kwa boti. Nikalala, nikafunikwa shuka. Pazi akaanza kunilia. Akanitukana yale ya siku zote, mbeba mizigo, mla matobolwa, punda wa Mwarabu, nami namjibu kwa manyanga. Watu wanacheka. Kisha akaongeza jipya, hapo hapo, kama mtani anavyofanya akichangamka:

"Jamani, mkewe alitangulia! Alikuwa anatafuta mahali pa kulala pasipo mikoromo ya huyu. Kapapata, katulia, na leo huyu punda anamfuata huko huko! Mwanahawa dada yangu, amka, hama tena!"

Sikujibu. Manyanga yalikuwa mkononi, lakini mkono haukuinuka. Nisiwafiche, nililia. Lile neno lilinichoma kama sindano ya viatu inapokosa ngozi ikaingia kidoleni. Halafu nikawa nalia pia kwa sababu ametajwa. Tangu nifike kule hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake, na Pazi kalitaja kwa sauti, mbele ya mataifa, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Shuka ikawa inatikisika. Pazi alidhani nacheka, akazidisha.

Dada Klara akaja, akafunua shuka, akaniona uso.

Akasimamisha ngoma.

Alasiri ile ile tukakaa mduara. Pazi alikuwa ng'ambo yangu, anatazama dari. Klara aliongea kwa upole sana. Akasema Mzee Pazi ni msanii mkubwa, na itawauma, lakini mkataba ni mkataba. Kesho atasindikizwa Kigoma apande treni.

Nikainua mkono. "Dada Klara, huyu ni mtani wangu. Kwetu haya si matusi."

"Nimesikia juu ya utani, baba. Nimesoma. Lakini nimekuona unalia. Niambie kweli tu. Neno lile kuhusu mke wako halikukuumiza?"

Mngeniona pale. Ningesema halikuniumiza, ningekuwa muongo, na machozi yalikuwa bado kwenye kola. Nikamtazama Nestori, ambaye alikuwa ameupata mlio nusu tu. Nikaitazama mikono ya Pazi, kaificha chini ya kanzu. Nikajiambia, treni ya kesho ikimbeba huyu, basi, mlio umekwisha. Watu walikuwa wananisubiri. Na Furaha, aliyenipenda kwa kweli, akanisaidia: "Baba, sema tu kama umemsamehe, atabaki."

Nikasema, "Liliniuma kidogo. Lakini nimemsamehe."

Dada Klara akashusha pumzi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshalisikia nililolisema.

Mtani hasamehewi. Hakuna wa kabila langu asiyejua hilo, tunalinyonya. Mtani hakosi, na asiyekosa utamsameheje? Ukisema umemsamehe, umetamka kwamba alikuwa mtu baki aliyekutukana, na ukakaa ukapima, ukaona umwachilie. Miaka yote ya nyuma nayo inageuka. Kila tusi aliloniambia tangu siku ya kile kiatu, hata lile la mwiko na jeneza, nikawa nimeliweka mezani lihukumiwe. Mwalimu Bakari aliporudi na kusikia, alikaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe. "Mzee Mrisho," alisema, "si ungesema hata wewe ndiye uliyemtukana kwanza!" Kweli, ningesema hivyo. Halikunijia.

Pazi tulimtafuta siku tatu, mimi na Mwalimu, stendi, bandarini, kwa mafundi wa reli wastaafu. Bintiye wa Dar es Salaam ndiye anayenipa habari sasa. Anasema baba yake mzima, humpigia simu yeye mwenyewe, mahali alipo hasemi. Akimtajia mimi anajibu, "Nisalimie sana Bwana Mrisho." Bwana! Igizo nalo lipo, kwa anayetaka kujua. Nestori na Furaha wanalicheza huko kwao, wamenitumia kwenye simu. Nestori anajua kubembeleza ngoma. Furaha ndiye mtani, anatukana vizuri.

Kilichobaki ni alivyoondoka, na hilo sijamwambia mtu.

Makofi yalipokwisha, Pazi alisimama akavuka mduara. Nilidhani anakuja kunitukana, nikajiandaa, nilikuwa na hamu ya tusi lake. Alifika, akanipa mkono, na kwa mwingine akashika kiwiko chake, na akainama kidogo, kama mtu anayemsalimu mkwe.

"Bwana Mrisho," akasema, "sikujua. Uniwie radhi."

"Pazi, acha upuuzi. Mzaramo wewe, muuza mashamba, mla nazi mbovu..." Nikatafuta mengine, yote niliyokuwa nayo, nikammwagia palepale. "Nenda zako na kichwa chako kama ngoma iliyopasuka! Nijibu!"

"Ahsante, bwana," akasema.

Akamshukuru Dada Klara kwa kumwelewa. Akaibeba ngoma yake akaiweka magotini kwa Nestori, akamwambia mkono wa kushoto asiuharakishe. Mlangoni akavaa viatu, taratibu, kamba moja baada ya nyingine, vidole vikimsumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akatoka kwenye jua. Nilisimama kizingitini nikimwona. Alishika njia ya sokoni, akampisha mama mwenye beseni la dagaa, akamwamkia, akaitikiwa. Akafika kwenye kona, akakata kushoto.